Ng'ombe Aliyebaki Kwenye Templeti

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, nilichokinunua kwa jasho langu, na mwenye kutaka kubisha aje Omurushaka aulizie kwa Injinia Projestus. Hata mtoto wa chekechea atamwonyesha. Miaka kumi na tisa nimerekodi nyimbo za watu wa Karagwe na Kyerwa. Nimerekodi kwaya iliyokuja na mbuzi studio, kwa sababu mwenye mbuzi ndiye aliyekuwa sauti ya tatu na hakuwa na wa kumwachia. Nimerekodi bwana harusi aliyekosea jina la bibi harusi mara mbili katika wimbo mmoja. Nikalikata jina sahihi kutoka ubeti wa kwanza nikalipachika palipoharibika, na ndoa ipo mpaka leo. Nimerekodi mgombea aliyetaka wimbo wa kushukuru kwa ushindi kabla ya kupiga kura, na baada ya kura akarudi kuniomba nitoe neno moja tu, neno "asanteni."

Sasa nimestaafu. Nilijistaafisha mwenyewe, kwa hiari, nikiwa na miaka arobaini na minane, na nguvu bado ninazo. Nyinyi vijana mnaopita hapa na kompyuta zenu mgongoni mkiniuliza siri ya kazi, nimechoka kuwajibu mmoja mmoja barabarani, ndiyo maana nimekaa kuandika. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya mnisamehe. Lakini mkiona nimesema jambo la kazi, lishikeni, maana kwenye kazi sijawahi kukosea. Nilikosea mara moja. Nitafika hapo.

Siri ni templeti. Najua wengi wenu mnaijua kwa jina, ila nawaeleza kwa namna ninavyoijua mimi. Mke wangu, Mama Jovina, ana mgahawa pale stendi. Kila asubuhi anapika ndizi. Sijawahi kumwona akijenga meko mapya kila asubuhi, akaenda dukani kutafuta sufuria, akauliza chumvi inakaa wapi. Meko yapo, sufuria ipo, chumvi iko kwenye kopo la majani ya chai, rafu ya juu, kushoto. Yeye anakuja na ndizi tu. Hiyo ndiyo templeti. Kwenye ile programu ya kutengenezea muziki unaandaa faili moja, mara moja: ngoma zipo, besi ipo, kinanda kipo, gitaa lipo, kila kimoja kwenye chaneli yake, sauti zote umeshazipima zisigombane. Mteja akija huanzi na ukurasa mtupu. Unafungua templeti, unapunguza au unaongeza mwendo, anaanza kuimba soda yake haijafika nusu. Kijana mmoja mwenye digrii ya kompyuta alinieleza jambo hilohilo kwa saa nzima, nikamwambia kaa chini, nikamweleza kwa sufuria, akaelewa.

Lakini na mimi nilionyeshwa. Zamani nilikuwa napanga vyombo upya kwa kila wimbo, wimbo mmoja siku tatu. Palikuwa na fundi redio pale Kayanga, Mzee Respicius, mtu wa mpangilio mpaka unaogopa. Kila skrubu ilikuwa na kifuniko chake cha chupa, na kila kifuniko kilikuwa na mahali pake mezani. Ndiye aliyeniuzia spika zangu za kwanza. Siku moja alikuja kuzirekebisha, akanikuta natafuta sauti ya ngoma kwenye kompyuta. Akarekebisha spika ya kwanza, akarekebisha ya pili, akafunga mfuko wake wa vifaa, mimi bado natafuta. Akaniambia, "Projestus, wewe ni fundi au unatafuta ng'ombe aliyepotea?"

Kesho yake nilikwenda kwake na kompyuta, tukakaa. Yeye muziki hakuujua, lakini alijua mambo mawili. La kwanza, ukifungua faili lako la kuanzia, libadilishe jina kabla hujagusa kitu, ili lile la asili libaki salama. La pili, sufuria hurudishwa kabatini ikiwa imeoshwa. Ukiihifadhi na mchuzi wa jana, kila utakachopika kesho kitakuwa na mchuzi wa jana. La kwanza nililiandika ukutani. La pili nilisema nimeelewa.

Hata kwenye lile la kwanza niliwahi kuteleza. Nilirekodi tangazo la duka moja la pembejeo, nikasahau kubadilisha jina, nikalihifadhi juu ya templeti. Wiki nzima kila wimbo niliofungua ulianza na sauti yangu ikisema "mbolea imefika." Watu wa wimbo wa maombolezo walisikiliza mara mbili, wakatazamana, mmoja akauliza kama hiyo ni sehemu ya ibada. Nilikuwa na nakala ya templeti safi kwenye flashi, nikairudisha. Kwa hiyo vijana, nakala kwenye flashi, na flashi isikae kwenye nyumba moja na kompyuta. Hilo silihesabu kosa. Lilikuwa jaribio.

Studio yangu ilikuwa nyuma ya ghala la mnunuzi wa kahawa. Ukutani niliweka trei za mayai, na pale trei zilipoishia nikatundika magunia ya kahawa, kwa hiyo mwimbaji aliyeingia na mafua alitoka amepona. Humo ndimo alimoingia Mzee Karuhanga.

Mzee Karuhanga ni mtu wa ng'ombe, kutoka upande wa Kyerwa kule kwenye nyasi. Mrefu, mkimya, fimbo yake haiachi hata akikaa kwenye kochi. Mwanawe Kakuru alikuwa ameshaposa, na harusi ilisubiri nyumba ya bwana harusi ipate bati. Mzee alitaka wimbo mapema, usikike kabla ya harusi, na ndani yake atajwe Bihogo. Bihogo ni ng'ombe. Wafugaji wa huku hawasemi "yule wangu wa tatu," kila ng'ombe ana jina na sifa zake, na mwenye ng'ombe anasimama mbele ya watu akizisoma sifa hizo kama anasoma ukoo wake. Bihogo alikuwa mwekundu wa kuiva, pembe zimekwenda juu zikarudi ndani kidogo, na alikuwa ameshatajwa kwa jina mbele ya wakwe kuwa ndiye mkubwa wa mahari.

Nikamwambia sawa, Kakuru ataimba sifa za Bihogo. Mzee akasema Bihogo awemo mwenyewe.

Nikasema, "Mzee, ng'ombe haimbi."

"Ataimba," akasema. "Njoo na chombo chako."

Nilikwenda Kyerwa na kinasa sauti kidogo, nyuma ya bodaboda, kimefungwa kwenye shuka la Mama Jovina kisipate vumbi. Mzee alifanya jambo jepesi sana. Alimtoa ndama wa Bihogo, akampeleka nyuma ya nyumba, asionekane. Basi. Bihogo alitazama huku, akatazama kule, akalia. Akalia tena. Mara ya tatu alilia kwa pumzi moja ndefu, inaanzia chini kabisa inapanda, halafu inakatika katikati kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mimi sikushangaa. Nywele za mikono zilisimama, lakini kule kwenye nyasi kuna upepo. Ndama akarudishwa, Bihogo akamlamba kuanzia puani mpaka mkiani, na mimi nikapewa maziwa.

Studio nilifanya kitu ambacho hata leo nakisifu. Ile sauti ya tatu niliishusha chini sana, mpaka haikuwa sauti tena ikawa kitu cha kifuani, nikaiweka chini ya besi. Ndugu zangu, besi ile ilikuwa na nyama. Ukiipiga, magunia ya kahawa yanatikisika ukutani. Ile sauti yenyewe ya asili, isiyoshushwa, nikaiacha kwenye chaneli ya kumi na mbili, nimeifunga karibu kabisa, ili wimbo wa Kakuru uwe na ng'ombe wa kweli pale ngoma zinaponyamaza kabla ya ubeti wa mwisho. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema "ndiye," akaondoka.

Basi nikafanya nini? Vile vyombo vilikuwa vimekaa vizuri kiasi kwamba nilifuta sauti ya Kakuru, nikafuta maneno, nikavihifadhi vilivyobaki kwa jina la Templeti Kuu. Chaneli ya kumi na mbili niliiandika "besi ya pili." Kijana, usiandike kamwe "besi ya pili." Andika kilichomo. Kama ni ng'ombe andika ng'ombe.

Kwa miezi minane nilitoa nyimbo thelathini na nane kutoka Templeti Kuu. Harusi, kipaimara, timu ya mpira, duka la simu, wagombea wa vijiji viwili tofauti vinavyogombania kisima kimoja. Besi yangu ikawa habari ya mjini. Walikuja watengenezaji wa muziki kutoka Bukoba, wakajifanya wanapita, wakaniuliza natumia besi ya programu gani. Nikawaambia hainunuliwi, mtu anazaliwa nayo. Na nilikuwa naamini. Ng'ombe nilishamsahau kabisa, namna unavyosahau msumari ulioupigilia mwenyewe.

Wimbo uliokwenda mbali kuliko yote ulikuwa wa kwaya ya Chonyonyo, wimbo wa subira. Anayefundisha kwaya ile ni Mwalimu Leopoldina, mama mmoja mfupi ambaye akikutazama unajikuta umenyoosha mgongo. Bodaboda zote zenye spika ziliuchukua, kutoka Kayanga mpaka mpakani. Mimi mwenyewe nilikata kipande kizuri, kile cha ngoma kunyamaza halafu ubeti wa mwisho, nikawa nawawekea watu kwenye simu kiwe mlio. Mwalimu Leopoldina alikuja kunishukuru. Akasema ile tarumbeta inayosikika kwa mbali ngoma zikinyamaza ilimtoa machozi. Mzee wa kanisa aliyefuatana naye akasema si tarumbeta, ni baragumu. Nikawaambia wote wawili hawajakosea.

Asubuhi moja Mzee Karuhanga aliingia bila kubisha hodi. Nikasimama, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa na fimbo yake, akanitazama mpaka nikaanza kupanga waya ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Ng'ombe wangu yuko wapi?" akauliza.

"Si yuko kwako, mzee?"

"Aliyeko kwangu ni ngozi na pembe," akasema. "Aliaye yuko kwako."

Akanieleza polepole, na mimi nawaeleza kama alivyonieleza. Kuna bodaboda inayopita kwake kila asubuhi na wimbo wa subira. Siku ya kwanza Bihogo aliinua kichwa. Siku ya pili aliitikia. Wiki ya pili aliruka uzio akaikimbiza pikipiki mpaka kwenye daraja, akaizunguka, akaanza kunusa kasha la nyuma. Dereva alipanda juu ya mti na pikipiki ikabaki inaimba. Ndama yule alikuwa ameshakua, akahamishiwa zizi la ndugu wa mzee, na huko akauzwa mnadani, kwa hiyo Bihogo kila alipoisikia sauti yake mwenyewe ikilia alijua kuna ndama amefichwa mahali na hakuna anayekwenda kumtoa. Maziwa yalipungua kutoka ndoo mpaka kikombe.

Hayo mzee angeyavumilia. Lakini wakwe walikuja kumkagua ng'ombe wa mahari, na baba wa binti, Mzee Byarugaba, ndiye aliyekuwa ameshika kamba pikipiki ilipopita. Alikwenda na kamba hatua kama ishirini, nyingine kwa miguu, nyingine kwa tumbo. Aliposimama alisema hawezi kumtoa binti yake kwa ng'ombe mwenye wazimu. Akatoa wiki mbili, atarudi mara moja tu. Na Mzee Karuhanga asingeweza kumbadilisha ng'ombe aliyekwisha kumtaja kwa jina mbele ya wakwe. Ingekuwa kama kumtaja binti mmoja ukaleta mwingine. Bihogo akikataliwa, Kakuru hana mke, na nyumba ilikuwa imeshapata bati.

"Rudisha sauti ya ng'ombe," akasema.

Nikamwambia labda pikipiki inamchokoza tu. Akaniambia nifungue mashine. Nikafungua Templeti Kuu, nikaanza kupiga chaneli moja moja, peke yake. Ngoma. Manyanga. Kinanda. Nilikuwa nafanya kwa kumridhisha mzee. Nilipofika ya kumi na mbili, nikaifungua mpaka mwisho.

Sitaki kusema nilishangaa. Nilikaa chini, lakini kiti kilikuwa karibu.

Nikaifuta mbele yake. Nikafuta na ile iliyoshushwa chini ya besi, nikahifadhi, nikamwonyesha mahali palipokuwa pamejaa sasa pamebaki patupu. Nikamwambia mzee, imerudi. Akapatazama palipo patupu. Akauliza, "Na ile ya kwenye pikipiki?"

Hapo ndipo nilipoziona zile nyimbo thelathini na nane zikitembea barabarani bila mimi, kwenye kadi, kwenye simu, kwenye spika za baa, zikipanda mlima na kushuka, na ng'ombe mmoja ndani ya zote.

Sasa mjifunze namna fundi anavyosimama. Nilitengeneza upya wimbo wa subira, msafi, hauna ng'ombe, nikampelekea Mwalimu Leopoldina kwenye mazoezi ya kwaya. Akausikiliza. Kwaya ikausikiliza. Akaniuliza tarumbeta iko wapi. Nikamweleza yote, mbele ya sauti nne zote. Mama mmoja wa sauti ya pili alianza kucheka akajifunika kanga usoni.

"Kwa hiyo miezi yote hii tumeimba na ng'ombe," Mwalimu akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na yuko kwenye ufunguo?"

Nikamwambia yuko.

"Basi mrudishe," akasema. "Wapo humu ambao kwenye ufunguo hawapo."

Tulibishana mpaka nikakaribia kupiga magoti. Mwisho alikubali jambo moja, kwamba siku ya ukaguzi kwaya isiupige wimbo ule mahali popote upande wa Kyerwa. Bodaboda walikuwa wagumu zaidi. Walisema abiria siku hizi anachagua pikipiki kwa besi. Tulielewana kwa madebe mawili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na rubisi ya ndizi zangu mwenyewe haikutosha, nikanunua nyingine. Kila mmoja akaapa kwamba siku hiyo atapita kimya kama anabeba mgonjwa.

Siku ikafika, nikaenda mwenyewe. Sikuweza kukaa Omurushaka nikisubiri kuambiwa. Bihogo alikuwa ameoshwa, amepakwa siagi kwenye pembe, amesimama zizini kimya. Kakuru alikuwa amevaa shati jeupe na hakuna aliyemwambia avae. Mzee Byarugaba alikuja na watu wawili, yeye kavaa koti zito, na safari hii hakuiomba kamba. Bodaboda zikapita, moja, mbili, ya tatu, zote kimya. Ya nne dereva alizima kabisa injini akawa anasukuma. Mzee Byarugaba akatazama meno. Akatazama pembe. Akainama akatazama chuchu, akainuka, akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona Mzee Karuhanga akihamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na kwa mtu kama yeye hiyo ni ngoma na vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga moyoni maneno ya kusimulia mjini jinsi nilivyookoa ndoa.

Simu ya Mzee Byarugaba ikaita.

Ilikuwa mfukoni mwa koti, mfuko wa ndani, na mlio wake ulikuwa wimbo wa subira, kile kipande nilichokikata kwa mkono wangu mwenyewe, pale ngoma zinaponyamaza.

Bihogo hakukimbia. Ningependa angekimbia. Alikuja taratibu, watu wakimpisha, akaweka pua yake kwenye koti la Mzee Byarugaba, juu ya moyo, akalia ile ya tatu, ya pumzi moja. Simu ikaitikia. Akalia tena. Mzee Byarugaba alikuwa amesimama mikono juu kama mtu anayepekuliwa.

"Mwondoeni," akasema.

Watu wawili walishika pembe, hawakuweza. Simu ikakatika, Bihogo akatulia, tukadhani imekwisha, ikaita tena. Aliyekuwa anapiga ni mke wa Mzee Byarugaba, anauliza ng'ombe yukoje. Kwa kuwa hakupokelewa, alipiga mara ya tatu. Hapo Bihogo aliingiza ulimi ndani ya koti, ulimi wa ng'ombe mnaujua, akaitoa simu na kipande cha bitana, ikaanguka kwenye matope ya zizi, akaanza kuilamba. Aliilamba kila upande, kuanzia juu mpaka chini. Ikaimba kidogo, ikakoroma, ikanyamaza. Na yeye akapanua miguu akasimama juu yake, namna ng'ombe anavyosimama juu ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, na aliyenyoosha mkono kuichukua alionyeshwa pembe.

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Vijana, kazi yetu ni kuchukua sauti za watu, na kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kujiuliza sauti ikishatoka pale mwenye sauti anabaki na nini. Sasa nilikuwa naulizwa, na aliyeniuliza hajui hata kompyuta ni nini.

Mzee Byarugaba alishika koti lake pale palipochanika. Nilitegemea matusi. Akasema, "Baba Kakuru, nilikosea. Huyu hana wazimu. Huyu anadai mtoto wake." Akafikiri kidogo. "Lakini siwezi kumpeleka kwangu. Nyumbani simu ziko saba, na zote zinaimba hivyo. Atatumaliza. Binti mtampata. Nileteeni ng'ombe mwingine wa kulingana na huyu, na aliyemtaja Bihogo hajavunja neno lake. Mimi ndiye niliyeshindwa kumpokea."

Mzee Karuhanga alimshukuru kwa Kinyambo, kwa maneno marefu nisiyoyajua yote. Halafu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Kakuru naye akanitazama, na shati lake jeupe. Wale watu wawili walioachia pembe, na wao wakanitazama.

Harusi ilifanyika. Nilipiga muziki mimi mwenyewe, bure, na nilitumia ngoma za mkono tu, spika nikaziacha nyumbani.

Bihogo yuko hapa, kwenye kibanja changu cha migomba nyuma ya iliyokuwa studio. Wiki ya kwanza nilijaribu kufungua Templeti Kuu ya zamani, kutoka kwenye nakala yake niliyokuwa nimeiweka kwenye flashi, nisikie tu kama kweli besi ilikuwa nzuri vile. Akaingiza kichwa dirishani na trei nne za mayai zikiwa zimemkaa kwenye pembe. Nikaizima. Flashi nimempa Mwalimu Leopoldina, na kwaya ya Chonyonyo inaimba nayo mpaka leo, kwao hakuna ng'ombe karibu. Mimi niliendelea na templeti iliyooshwa. Wateja walikuja, wakasikiliza, wakasema Injinia besi imekonda. Ningeweza kutengeneza besi nyingine, mjue hilo, mimi siyo mtu wa kushindwa na besi. Nilijaribu siku nne. Siku ya tano nikastaafu kwa hiari, kama nilivyokwisha kusema.

Maziwa yamerudi kwenye ndoo. Mama Jovina anayauza mgahawani, na anasema ndicho kitu cha kwanza cha maana kilichowahi kutoka studio.

Kwa hiyo, nyinyi mnaoanza. Kabla hujahifadhi templeti, funga mlango, piga kila chaneli peke yake, tangu mwanzo mpaka mwisho, hata zile unazozijua, hasa zile unazozijua. Ukisikia ndani yake mtu ambaye si chombo, mtoe. Halafu nenda kamwambie kwamba alikuwemo.

Na wanaosema mjini kwamba ng'ombe huyu alinifilisi, wasiendelee kuongeza sifuri. Nilimnunulia Mzee Karuhanga ng'ombe wa kulingana na Bihogo, nikalipia gari la kuwapeleka na kuwaleta, nikamlipa Mzee Byarugaba simu na bitana ya koti, nikaongeza ile rubisi iliyopungua, na jioni ile Bihogo alipokubali kukamuliwa kwangu kwa mara ya kwanza, nikanunua vocha ya mia tano nimpigie Mzee Karuhanga nimwambie, maana nilijua hajakaa chini tangu asubuhi. Yote pamoja, na vocha hiyo ikiwemo, ni shilingi milioni moja, laki tano, elfu kumi na mbili na mia tano.